Kwata za Furaha: Ngoma ya Beni na Sherehe za Watoto wa Pwani

Mzazi wa leo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambaye mwanawe anakaribia kutimiza miaka 6 au 7, si ajabu akaombwa na mtoto huyo amfanyie nyumbani sherehe ya kiaskari, yenye kofia na vyeo na safu za watoto wanaokwenda kwa hatua moja, na keki iliyopakwa rangi ya majani; na mzazi huyo akianza kupanga, husikia upesi sauti za wazee wakisema kwamba hayo ni mambo ya kuigwa juzi katika televisheni, wala hayana asili kwetu. Nawaheshimu wazee hao, walakini katika hili siwezi kuafikiana nao, kwa kuwa watu wa mwambao huu waliucheza uaskari katika arusi zao, jando zao na sikukuu zao kwa muda uliozidi nusu karne, wakaucheza kwa fakhari na kwa gharama, tena kwa ustadi uliowatia watawala wasiwasi. Na fauka ya hayo, desturi yenyewe ya kuadhimisha kila mwaka siku aliyozaliwa mtu, watu wengi wa pwani waliiona kwa mara ya kwanza ikiwa imefuatana na gwaride.

Kabla ya hapo mtoto hakukosa kufurahiwa. Siku ya 7 alinyolewa nywele, na wazazi waliojaaliwa uwezo wakamchinjia akika. Siku ya 40 mama alitoka uzazini, na nyumba ikajaa jamaa na majirani. Baadaye ikaja siku ya kuhitimu msahafu, na kwa mvulana ikaja jando, ambayo ilikuwa na nyimbo zake, ngoma zake na mafundisho yake. Tarehe ya kuzaliwa iliandikwa na baba, au na mwalimu wa chuo, katika ukurasa wa mwanzo wa msahafu au wa kitabu kingine cha nyumbani, kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu, ili umri ujulikane utakapohitajika. Lakini siku hiyo iliporudi mwaka wa pili haikupikiwa pilau wala kualikiwa mtu. Mazazi yaliyokumbukwa mwaka hata mwaka yalikuwa ni ya Mtume, katika mwezi wa Mfunguo Sita, na Lamu ndiko yalikopata utukufu mkubwa kuliko kwingine kote pwani, katika msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, ambako wanafunzi hutoka kwa zefe, na bendera mbele na matari yakilia, wakapita vichochoroni safu kwa safu. Nazitaja safu hizo kwa makusudi, kwani zinaonyesha kwamba mtoto wa pwani alijua kwenda kwa mpango nyuma ya bendera pasipo kufundishwa na sajini yeyote.

Wajerumani walipokwisha kuitwaa pwani ya Mrima, baada ya kuvishinda vita vya Abushiri bin Salim, ambaye walimnyonga Pangani mnamo Desemba 1889, waliweka sikukuu moja ambayo wenyeji hawakuwa na mfano wake: tarehe 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaiser Wilhelm wa Pili. Siku hiyo, katika kila mji wenye boma, bendera zilipandishwa, askari wakapanga safu wakakaguliwa na wakubwa wao, na baada ya gwaride watu waliachiwa michezo na ngoma. Upande wa Mombasa, na baadaye Tanganyika yote ilipokuwa chini ya Waingereza, siku iliyoadhimishwa ilikuwa ya Malkia au Mfalme wa Uingereza. Na Unguja, siku ya kuzaliwa Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hata 1960, ilikuwa sikukuu ya nchi. Basi mtoto aliyekulia Tanga au Bagamoyo mnamo mwaka 1900 aliijua siku ya kuzaliwa kuwa ni siku ya tarumbeta za shaba na vishindo vya buti juu ya ardhi iliyofagiliwa. Mwenye siku hiyo hakumjua, wala hakutarajia kumwona maishani, lakini tamasha lenyewe alilitazama akiwa amesimama mbele ya watu wazima, na jioni alirudi nyumbani akalifanya upya yeye na wenzake.

Askari aliowatazama walikuwa watu wa shani machoni pake. Mjerumani Hermann von Wissmann alipolikusanya jeshi lake mwaka 1889, aliwaajiri Wasudani kutoka Misri na watu wa kusini mwa Msumbiji, kisha wakaongezwa Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo wa nchini. Na kwa kuwa Wasudani walitangulia, vyeo vilikuwa vya jeshi la Misri, navyo Misri ilivipokea kwa Waturuki, hivi kwamba katika kambi ya Mjerumani palisikika ombasha, shaushi, betshaushi, sol na efendi. Kitambaa cha khaki, kofia ndefu yenye kipande cha nguo kilichofunika shingo, vitambaa vilivyozungushwa mguuni kutoka kifundo hata chini ya goti: hayo yote mtoto aliyahesabu moja moja. Tena hakuachwa awe mtazamaji tu. Skuli ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikuwa na bendi ya wavulana, wakipuliza ala za shaba na kupiga ngoma kubwa kwa namna ya Kizungu, na bendi hiyo ilitolewa mbele ya watu katika siku za taadhima. Nionavyo mimi, wavulana wale wa Tanga wanastahili kutajwa katika historia hii zaidi ya majemadari wengi, kwa sababu waliubeba muziki wa jeshi wakiwa bado watoto na wakaurejesha majumbani mwao.

Muziki wa shaba, kwa hakika, ulikuwa umewatangulia Wajerumani. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hata 1888, alikuwa na bendi iliyopigwa na Wagoa. Na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyowekwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, palikuwa na vijana waliofundishwa kupuliza ala hizo. Katika miaka ya 1890, mambo hayo mawili, ala za shaba na kwata za askari, yalikutana na jambo la tatu ambalo pwani ilikuwa nalo tangu zamani sana, nalo ni mashindano ya mtaa na mtaa, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa ngoma ya beni. Mombasa vyama vyake vikubwa viliitwa Kingi na Skochi. Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya Mrima vikaitwa Marini na Arinoti, Marini kikiwa chama cha waliojiona watu wa mjini na wastaarabu, na Arinoti kikiwapokea wageni waliotoka bara kutafuta kazi. Na Lamu, ambako watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni hawakuacha kushindana kwa jambo lolote lenye sifa, beni ilikuta uwanja uliokwisha kufyekwa.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kuiona, naomba nikae hapa kidogo. Wanachama walikusanyika wakiwa wamevaa nguo zilizoshonwa na mafundi wao wenyewe, za khaki au nyeupe pe, zenye mikanda na alama za vyeo. Ngoma kubwa ilining'inizwa kifuani ikapigwa pande mbili. Nyuma yake zilifuata ngoma ndogo za vijiti, na tarumbeta za shaba kwa chama chenye fedha, na ala za kubuni kwa chama kisicho nazo. Walipanga safu, wakasikiliza amri, wakatembea mitaani kwa mwendo wa kijeshi, na bunduki zao zilikuwa za mti au bakora. Na walipofika uwanjani waliimba kwa Kiswahili, nyimbo za kujisifu na za kuwasimanga wapinzani, zilizotungwa na watu wenye kipawa cha ushairi na kuhifadhiwa na mji mzima. Juu ya wote alikuwa Kingi, yaani mfalme, na chini yake majenerali, makanali, mameja, makapteni, hata masajini na makoplo. Na kulikuwa na karani wa kuandika majina na michango, na mahakama ya kuwatoza faini waliochelewa, waliovaa hovyo au waliomtukana mwenzao. Lakini faini hizo na michango hiyo haikuishia katika tarumbeta. Mwanachama alipougua alitazamwa, alipofiwa alizikiwa, na mgeni aliyeshuka katika mji asiokuwa na jamaa ndani yake alitafuta chama chake akapata pa kulala; na hii ndiyo sababu mchukuzi wa bandarini, aliyeshinda siku nzima akiamrishwa na kila mtu, alikubali kutoa sehemu ya ujira wake ili jioni aitwe meja.

Wanawake nao hawakubaki madirishani. Mombasa vyama vya ngoma ya lelemama, ambavyo Ibinaal Watan na Banu Saada ndivyo vilivyovuma zaidi, viligawa vyeo, vikashona sare, vikashindana kwa nyimbo na karamu kwa ghera isiyopungua ile ya waume zao na ndugu zao. Na watoto walikuwa mbele ya msafara, na nyuma yake, na pembeni, kila mahali ambapo mguu mdogo ungeweza kupata nafasi.

Kisha vikaja vita vya kweli. Kutoka Agosti 1914 hata Novemba 1918, jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck na majeshi ya Waingereza, Wabelgiji na Wareno yalifukuzana kutoka Kilimanjaro hata Ruvuma, na kuvuka Msumbiji hata kusalimu amri huko Abercorn; na mzigo wa vita hivyo haukubebwa na askari kwa kadiri ulivyobebwa na wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Palipokuwa kambi ya wapagazi hao Dar es Salaam ndipo leo ulipo mtaa wa Kariakoo, na akina mama wanaonunua humo vitambaa na baluni za sherehe za watoto wao wanakanyaga ardhi iliyolaliwa na watu wengi ambao hawakurudi kwao.

Mtu angedhani kwamba baada ya mauti ya namna ile watu wangeuchukia uaskari hata katika mchezo, lakini mambo yalikwenda kinyume. Askari na wapagazi waliotoka vitani waliichukua beni wakaipeleka kila walikokwenda, na mara tu baada ya vita vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa vimeenea bara, vikipelekeana barua na kupokeana wageni, hata maofisa wa Kiingereza wakaingiwa na tashwishi, wakafanya uchunguzi kujua kama chini ya ngoma hizo hapakufichwa njama. Kusini, katika nchi ya Nyasa, beni ilizaa mganda na malipenga, ambamo tarumbeta ni vibuyu vinavyoimbiwa ndani; na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini chama cha mbeni, kama beni ilivyoitwa huko, kilipata nguvu kiasi kwamba, wachimbaji walipogoma mwaka 1935, tume ya serikali ililazimika kuuliza habari za ngoma hiyo.

Wapo walioilaumu beni kwa sababu njema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye alitoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwaonya Waislamu wa pwani na israfu katika sherehe na kuwafuata Wazungu kwa upofu; na katika neno la israfu alikuwa na haki kabisa, kwa maana mashindano ya karamu, ng'ombe kwa ng'ombe na gunia kwa gunia, yaliwatia watu madeni ambayo ngoma ilipokwisha hawakuwa na njia ya kuyalipa. Lakini katika neno la upofu napenda kuungana na mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na kuiandikia beni kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, ambaye alikataa kuiona kuwa ni uigaji mtupu. Watu wale walikuwa wamelitazama jeshi kwa macho makavu. Walijua kwamba jeshi huua, kwa sababu liliwaua wao. Wakachagua katika jeshi yale yaliyowafaa, mpango, mwendo wa pamoja, sauti ya shaba, heshima ya cheo, na msaada wa mwenzi kwa mwenzi, na yale mengine wakayaacha kambini. Na uchaguzi huo, kwa rai yangu, ni kazi ya akili ya watu wazima, isiyopasa kuonewa haya na wajukuu wao.

Watoto walifanya uchaguzi wao kwa vitu vya shambani. Bunduki yao ilitoka katika mgomba, na namna ya kuitengeneza ingali inajulikana kila mahali penye migomba. Hukatwa jani kubwa, majani yake ya pembeni yakachanwa, ukabaki uti mnene wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Mgongoni mwa uti huo hukatwa kwa kisu vilimi 6 au 7, kila kimoja kwa mshazari, kikaachwa kimeshika upande mmoja tu. Mtoto huviinua vilimi vyote vikasimama wima, kisha hupitisha kiganja chake kwa kasi kutoka mwisho hata mwanzo, navyo huanguka kimoja baada ya kimoja kwa mlio wa kupasuka unaofuatana upesi kama bunduki za kikosi. Haitoi kitu, haimdhuru mtu, na baada ya siku moja hunyauka, ikalazimu kukatwa nyingine. Hasara yake ni utomvu wa mgomba, ambao ukidondokea kanzu nyeupe huacha doa la kahawia lisilosikia sabuni, na kwa doa hilo watoto wengi wameadhibiwa. Tarumbeta ilitoka katika mpapai: bua la jani lake ni tupu ndani, na likitiwa mpasuko mdogo karibu na ncha iliyozibika, likapulizwa kwa nguvu, hulia kwa sauti nzito inayosikika mtaa wa pili, ingawa bua hilo lataka kuoshwa kwanza, kwani maziwa yake huwasha midomo. Debe la mafuta ya taa lilikuwa ngoma kubwa. Ukuti wa mnazi ulisukwa ukawa kofia na mkanda, na nishani za kifuani zilikuwa vizibo vya chupa vilivyogongwa kwa jiwe vikawa bapa.

Kutoka miaka ya 1930 vijana wa mijini walianza kuipendelea dansi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia beni ikapungua Dar es Salaam na katika miji mingi, ila Lamu na Unguja haikukatika. Unguja hata zama zetu beni ya Mbwa Kachoka hutoka mbele ya arusi, na wanawake huifuata barabarani wakicheza. Kwata zenyewe ziliingia skuli. Kila mtoto aliyesoma Tanzania anazijua amri za mguu sawa, mguu pande na nyuma geuka, anaujua mchakamchaka wa alfajiri, na waliobahatika walichaguliwa kuingia halaiki, wakapanga maumbo na maandishi kwa miili yao katika sherehe za Uhuru au za Mapinduzi mbele ya taifa zima. Na zile tarumbeta za shaba sasa hupanda nyuma ya gari la wazi, zikaitwa matarumbeta, zikakodiwa kwa arusi, mahafali na mara nyingine kwa siku ya kuzaliwa mtoto.

Basi mzazi anayeipanga sherehe hiyo uani kwake ana mengi ya kuchukua kwa wazee wa beni, na la kwanza ni mavazi. Nguo za mabaka za jeshi asizinunue. Tanzania na Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za majeshi ya ulinzi, na hata kama isingekuwa sheria, watu wa Kingi na Marini walishona zao, kwa rangi waliyoitaka, na hapo ndipo uzuri wao ulipokuwa. Shati la khaki la skuli, au fulana ya kijani, na utepe wa kitambaa begani wa kuonyesha cheo, vyatosha. Bunduki za plastiki zinazofanana na za kweli mimi ningeziacha dukani, nikatafuta mgomba.

La pili ni vyeo, ambalo kwa watoto ni kubwa kuliko keki, kwa sababu kila mtoto ataka kuwa jemadari, na sherehe nyingi huharibika kwa kilio kabla chakula hakijatoka. Beni ililitatua jambo hili kwa ukarimu: ilikuwa na vyeo vingi mno, na kila cheo kilikuwa na kazi yake na alama yake. Wakialikwa watoto 12, viwekwe vyeo 12: jemadari, mbeba bendera, mpiga debe, mpiga tarumbeta, karani wa kuandika majina mlangoni, daktari wa kufunga vidonda kwa vitambaa, muuguzi wake, kadhi wa kutoza faini, ambayo iwe ni wimbo au ndoo ya maji, tarishi wa kupeleka barua kwa bibi jikoni na kuleta majibu, mtazamaji wa mbali atakayekaa juu ya ngazi, mlinzi wa lango, na mweka bohari, ambaye hukabidhiwa visheti, kashata na kaimati na kutakiwa azihesabu mbele ya watu. Mwenye siku yake aongoze gwaride la kwanza kuzunguka nyumba. Katika gwaride la pili vyeo vibadilishwe kwa kura, na yeye akiangukia utarishi apeleke barua kama wengine. Wapangwe kwa kimo, wafupi mbele, na amri zitolewe na mtoto, mtu mzima akibaki kando na kipenga kwa ajili ya hatari tu. Chakula kikiwa tayari jemadari aamuru mguu pande, watoto wanawe mikono kwa zamu, kisha yeye mwenyewe ashike sinia awapitishie wageni wake wote, maana kwa adabu ya pwani mwenye karamu hali kabla ya aliowaalika. Na kama watoto wa mtaa wa pili wamesikia debe wakaja kuchungulia langoni, mlinzi na awafungulie, na karani awaandike, kwani vyeo vya kuwapa havitakosekana.